Dira Mpya ya Dokia

Evdokia Lindgren aliwapikia watoto wa shule kwa miaka ishirini na miwili kabla hajagusa usukani wa ndege. Jina hilo refu hulitumia padri peke yake. Sisi wengine hapa Dillingham tunamwita Dokia. Alianza kujifunza urubani akiwa na miaka hamsini, na mji mzima ulicheka. Si kwamba rubani ni kitu cha ajabu kwetu. Mji wetu hauna barabara ya kwenda popote, na Alaska yote ya upande huu watu huruka kama kwingine wanavyopanda basi. Ila mpishi wa shule mwenye miwani mizito, aliyezoea kuwafokea watoto wasiomaliza samaki, huyo tulimwona anajitafutia balaa.

Alipata leseni kwa mara ya kwanza aliyofanya mtihani. Kisha akanunua ndege ya viti vinne, kuukuu kumzidi yeye mwenyewe, yenye gurudumu dogo mkiani na rangi ya kiini cha yai. Mimi nilikuwa nauza mafuta ya ndege pale uwanjani, kwa hiyo nilimwona karibu kila siku kwa miaka kumi na moja. Nimemwona akipakia vioo vya madirisha, mbwa, keki za harusi, na siku moja bibi harusi mwenyewe, gauni limejaa kiti cha nyuma mpaka dirishani. Mumewe, Nels, ni mvuvi na hapendi kitu chochote kisichoelea. Alimwachia mkewe anga, yeye akabaki na maji, na ndoa yao ilienda vizuri sana kwa mpango huo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimkosesha Dokia raha. Dada yake mkubwa, Matrona.

Matrona alikuwa na miaka sabini na miwili, fundi wa kushona makoti ya manyoya, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Wote wawili walizaliwa Kassilnuk, kijiji kilichokuwa kando ya ziwa nyuma ya milima, mwendo wa dakika arobaini kwa ndege. Shule ya kule ilipofungwa watu walihama familia baada ya familia, na mwishowe likabaki kanisa dogo la mbao na makaburi. Dokia alikuwa akienda kila kiangazi kufyeka nyasi makaburini. Matrona hakuwa amerudi kwa miaka thelathini na moja. Siku ile ya kuhama, ndege iliyombeba ilitua vibaya kwenye barafu hapa kwetu, ikapiga pua chini na kupinduka. Alitoka mzima, bila hata mkwaruzo, akaapa pale pale juu ya barafu kwamba hatapanda tena. Na alishika kiapo. Hata harusi ya mwanawe huko Anchorage aliisikiliza kwa simu.

Sasa mwaka huo, mwezi wa sita, wakiwa mezani wanakunywa chai na biskuti ngumu, Matrona akasema, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba matunda ya kinamasi yakiiva angependa kwenda Kassilnuk kuyachuma. Dokia aliniambia baadaye kwamba aliogopa hata kuweka kikombe chini, asije akamshtua. Alimjibu tu, "Sawa, Dada." Kisha akatoka nje akaenda nyuma ya nyumba na kucheka peke yake.

Matunda hayo huiva mwishoni mwa mwezi wa saba, na hukaa siku kumi hivi kabla ya kulainika na kuoza. Wiki tatu kabla ya hapo Dokia alifungua mlango wa ndege yake akakutana na harufu ya mafuta ya taa.

Yalikuwa yametoka kwenye dira. Dira za aina ile, zile za zamani, ni bakuli dogo la kioo lililojazwa mafuta meupe, na ndani yake kuna sahani yenye namba na sumaku inayoelea. Mpira wa nyuma ulikuwa umepasuka kwa uzee, mafuta yakachuruzika juu ya dashibodi, na ile sahani ikabaki imelala upande kama mlevi, ikionyesha kaskazini mashariki hata uigeuze ndege vipi.

Fundi wa ndege pale uwanjani alikuwa Wendell, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka na jambo lolote. Aliitazama, akaigonga kwa ukucha, kisha akachukua daftari la ndege na kuandika kwamba ndege hiyo isiruke mpaka ipate dira nzima.

Dokia alimkumbusha kwamba alikuwa na tableti inayomwonyesha alipo mpaka kwenye jiwe. Wendell akakubali kwamba ni tableti nzuri. Dokia akasema hata simu yake inajua kaskazini iko wapi. Wendell akakubali na hilo pia.

"Lakini sheria inataka dira, Dokia," akasema. "Isiyohitaji betri, isiyohitaji mtu wala kitu. Nikifuta nilichoandika, wewe utaruka na mimi sitalala."

Njia ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa kuipeleka ile ya zamani ikatengenezwe. Dokia alipiga simu, akaambiwa foleni ni wiki sita. Wiki sita matunda yangekuwa tope. Akaiweka dira yake kwenye kopo la kahawa, akaanza kutafuta nyingine.

Habari ikafika kwa Lyle. Lyle alikuwa rubani mstaafu ambaye hakuna mahali duniani hajawahi kuruka, kwa mujibu wake mwenyewe, na kweli alikuwa amefanya kazi miaka mingi visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, akinyunyizia mashamba dawa. Alikuja bandani kwa Wendell na kiboksi kilichofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na dira inayong'aa, haijawahi kufungwa kwenye ndege yoyote, aliyoinunua kule Tasmania na kuihifadhi miaka yote. Akampa Dokia bure, akamwambia asiseme asante, maana asante zitamfanya azeeke.

Dokia alifurahi mpaka akambusu shavuni. Wendell aliichukua ile dira akaiweka juu ya meza ya mbao, mbali na vyuma. Tukaitazama sote. Sahani ikainama upande mmoja, ikajikwaruza kwenye kioo na kugoma. Wendell akaigeuza meza. Ikajivuta kidogo, ikagoma tena.

"Imekaa sana," Lyle akasema. "Ipe muda izoee."

"Izoee nini?" Wendell akauliza.

"Baridi."

Wendell akaivaa miwani yake na kusoma maandishi madogo chini ya bakuli, kisha akatueleza polepole kama kawaida yake. Dunia haivuti sumaku kwa upande tu, huivuta na chini pia, na kadiri unavyokaribia ncha ndivyo inavyovuta chini zaidi. Basi watengenezaji huweka kiuzito kidogo upande wa pili ili sahani ikae sawa. Hii ya Lyle iliwekewa uzito wa kule kusini. Huku kwetu kaskazini uzito huo ulikuwa unasaidia kuizamisha badala ya kuiinua.

"Haina ugonjwa," Wendell akamaliza. "Imekuja tu kuishi kichwa chini."

Dokia alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Lyle hakucheka. Alisema Wendell hajui dira, akaifunga tena na utepe wake, akaenda kuvua samaki kwa siku nne.

Ya pili ilitoka kwenye rafu ya Wendell mwenyewe. Mteja mmoja aliiagiza halafu akauza ndege. Hiyo haikuwa na mafuta wala bakuli. Ilikuwa na uso kama wa saa ya ukutani, na picha ya kindege kidogo katikati, namba zikikizunguka. Mtu yeyote angeielewa. Ukigeuka kulia, inageuka unavyotarajia, wakati ile ya bakuli namba zake huenda kinyume na lazima kichwa chako kijifunze kuzisoma. Dokia aliipenda papo hapo. Alisema inampa heshima hata kuitazama.

Wendell aliifunga kwa muda mahali pake, akamwambia awashe injini bila kuondoka. Mimi nilisimama pembeni ya bawa nikachungulia. Injini ya ndege ile ni mzee mwenye kikohozi. Ikiwaka kila kitu hutetema, hata meno ya rubani. Ule uso mzuri ukaanza kutetemeka. Namba zikasimama mahali pamoja, zikaruka nyuzi kumi na tano, zikasimama tena, zikarudi. Dokia akapunguza moto, akaongeza, akapunguza. Ikawa vile vile. Wendell akasema anaweza kutafuta vishikio vya mpira vya kupunguza mtetemo, na pengine ingetulia, pengine isitulie.

Dokia alizima injini, akakipangusa kioo cha ile dira kwa mkono wa koti kabla ya kushuka. Alikuwa anaitaka ile ya saa, ilionekana wazi. Tukaingia bandani kunywa kahawa, na Wendell akamwuliza anaonaje.

"Ile yangu ilikuwa inadanganya," Dokia akasema. "Nikigeuka kutoka kaskazini, inaanza kwa kunionyesha upande mwingine kabla haijajirudi. Nikienda mashariki nikaongeza mwendo, inakimbilia kaskazini. Miaka kumi na moja inanidanganya."

"Zote hudanganya," Wendell akasema.

"Ndiyo. Lakini yangu nilikuwa naijua inadanganya wapi." Akaizungusha kahawa yake kikombeni. "Agiza kama ile. Ya bakuli. Ya kaskazini, Wendell, tafadhali usome maandishi kwanza."

Ilifika kwa ndege ya barua siku ya Jumanne, na Wendell akasoma maandishi mara mbili, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Sahani ilielea sawa kama kifuniko juu ya maji tulivu. Akaifunga saa hiyo hiyo.

Lakini dira kufungwa siyo mwisho. Ndege imejaa vyuma na nyaya, na kila kimoja huivuta sumaku kidogo kwake. Kwa hiyo hupelekwa kwenye duara kubwa lililochorwa kwenye lami, lenye mistari ya pande zote kumi na mbili. Ndege huzungushwa mstari baada ya mstari, injini ikiwaka, na kila mstari huandikwa dira inasema nini. Palipopindukia, fundi hurekebisha kwa bisibisi ya shaba, isiyovutwa na sumaku. Palipobaki, huandikwa kwenye kikadi kinachobandikwa chini ya dira. Rubani hushughulika na breki na injini. Fundi husimama nje kuhakikisha ndege imelala sawa na mstari. Anatakiwa mtu wa tatu ndani, wa kusoma na kuandika.

Mimi nilikuwa na ndege tatu zinangoja mafuta. Lyle alikuwa bado mtoni na hasira zake. Matrona alikuwa pale.

Alikuwa amekuja kuleta chakula cha mchana, samaki wa moshi na akutaq, matunda ya mwaka jana yaliyopigwa na mafuta mpaka yakawa laini kama krimu. Siku zote aliviacha mlangoni pa banda na kuondoka, maana hakupenda hata kivuli cha bawa kimguse. Siku hiyo Dokia alimfuata mpaka mlangoni. Nilikuwa nakunja mpira wa mafuta karibu nao, nikasikia yote.

"Dada, nina kazi ya nusu saa. Ya kukaa na kuandika."

"Kukaa wapi?"

"Kiti cha mbele."

Matrona akaitazama ndege, akamtazama mdogo wake kama anayemwona mwizi.

"Haiondoki chini," Dokia akasema. "Hairuhusiwi. Imeandikwa daftarini, mwulize Wendell. Kwa leo hakuna ndege Alaska nzima iliyo salama kuliko hii, kwa sababu hii haina ruhusa ya kuruka."

Matrona alikwenda kwa Wendell, akataka aonyeshwe daftari. Akalisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akarudi.

"Nikisikia gurudumu limeinuka hata kidogo, naruka nje."

"Gurudumu likiinuka tutaruka wote wawili," Dokia akamjibu, "maana hata mimi nitaogopa."

Akapanda. Wendell alimsaidia kuinua mguu. Alifunga mkanda, akaukaza mpaka akaguna, akaweka daftari juu ya dashibodi na penseli mkononi. Injini ilipowaka aliyafumba macho. Dokia aliachia breki. Alisogeza ndege taratibu mpaka kwenye mstari wa kaskazini, akasubiri. Baada ya muda jicho moja likafumbuka, likatazama dira.

Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri, na wa pili. Wa tatu dira ilikuwa nje kwa nyuzi thelathini. Wendell alikuna kichwa, akaingia, akarekebisha kwa bisibisi yake ya shaba. Walipoangalia tena, ilikuwa nje upande wa pili. Wakarudi kaskazini, na kaskazini penyewe palikuwa pameharibika. Wendell alipapasa vyuma vya kioo cha mbele kimoja kimoja. Alimwomba Dokia azime taa, azime redio. Alimwomba atoe funguo mfukoni. Nilimwona anaanza kutokwa na jasho, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Ikawa kila anapotazama iko sawa, na kila Matrona anapotaka kuandika inahama. Mwishowe Wendell akasimama kwenye ngazi ya mlango akawa haangalii dira tena, anaangalia mkono wa Matrona. Matrona akauinua kuandika. Sahani ikaufuata. Akaushusha. Sahani ikarudi.

"Mama, umevaa nini hapo?"

Matrona akautazama mkono wake. Alikuwa na kile kibangili cha mafundi wa kushona, chenye sumaku ya kushikilia sindano zisipotee kwenye manyoya. Hukivaa kutoka asubuhi mpaka anapolala, na alikuwa amekisahau kama mtu anavyosahau pete.

"Nusu saa unaipungia mkono," Wendell akasema, "na yenyewe inakuitikia."

Matrona aliangua kicheko ambacho tulikisikia mpaka kwenye matanki ya mafuta. Alicheka akamwegemea Dokia, Dokia naye akaegemea mlango, na Wendell, aliyepoteza nusu saa nzima, akaketi kwenye lami akacheka nao. Kibangili kikaletwa kwangu nikitunze, kikiwa na sindano saba.

Ilibidi waanze upya. Walizunguka mistari yote kumi na mbili, Wendell akarekebisha, wakazunguka tena kuhakikisha. Mzunguko wa kwanza Matrona alikuwa anasoma namba kwa sauti ya mtu aliye mahakamani. Kufikia katikati ya mzunguko wa pili alikuwa anatoa amri. Kidogo kulia. Umepita, rudi. Usiguse breki mpaka itulie, huoni bado inaelea? Dokia alitii kila neno. Walipomaliza, Dokia akazima injini, na Matrona hakufungua mkanda.

"Hakuna mstari mwingine?" akauliza.

Kikadi alikiandika yeye, kwa mwandiko wake wa mviringo wa shule ya zamani, na Wendell akakibandika chini ya dira bila kukinakili upya. Hakikuwa na kosa lolote kubwa kuliko nyuzi nne.

Waliruka Jumapili baada ya ibada, anga nyeupe na tulivu. Mimi ndiye niliyewajazia mafuta. Nilimwona Matrona akikagua daftari kuona kama Wendell kweli ameandika kwamba ndege sasa inaruhusiwa. Kibangili alikiacha nyumbani. Alipopanda uso wake ulikuwa mkavu kama ubao, na ndege ilipoanza kukimbia niliona mkono wake umeshika chuma cha kioo. Macho yake hayakuwa nje. Yalikuwa kwenye dira.

Hayo mengine ameyasimulia Dokia. Anasema kwa dakika kumi za kwanza dada yake hakusema lolote isipokuwa namba za dira. Sita sifuri. Sita sifuri. Sita mbili, rudi. Kwenye mlango wa milima palikuwa na wingu limekaa juu ya mgongo wa kilima, Dokia akaamua kulizunguka kwa kushoto, na Matrona akamgombeza kwamba ameacha njia. Ikabidi ainue macho ili aonyeshwe wingu lenyewe. Basi akainua. Chini yao kulikuwa na mto unaojikunja, dubu watatu wakivua kwenye maji ya kina kifupi, na mbali kidogo ziwa.

"Ule ni mto wa Baba," Matrona akasema.

"Ndiyo."

"Mbona umekuwa mdogo?"

Hakuirudia dira tena mpaka walipotua. Walishukia kwenye uwanja wa zamani wa kijiji, ambao Dokia huufyeka mwenyewe, magurudumu yakichapa vichaka. Matrona alishuka bila kusaidiwa. Alikwenda makaburini kwanza, akakaa na mama yao, akazungumza naye kwa lugha yetu muda mrefu, na Dokia akamwacha. Kisha wakachuma. Matunda yalikuwa mengi mwaka ule, ya rangi ya chungwa, yametapakaa kinamasi kizima mpaka kwenye ngazi za kanisa. Walichuma wakibishana nyumba ya nani ilikuwa wapi, na kijana gani alimtaka yupi, na nani aliyeangusha samovari ya bibi yao, lile birika kubwa la chai, kisimani mwaka wa mafuriko. Matrona alikiri kwamba ni yeye. Dokia alikuwa amechapwa kwa kosa hilo miaka hamsini na tatu iliyopita, na akamrushia konzi nzima ya matunda usoni.

Niliwaona wakirudi jioni jua likiwa bado juu, ndoo sita, meno ya rangi ya chungwa, na kwenye nywele za Matrona mbegu zisizohesabika. Lyle naye alikuwapo, amerudi mtoni na hasira zimekwisha, akaja kubeba ndoo. Matrona alimpita, akampita Wendell, akanifuata mimi pampuni na kuniuliza kama Jumamosi nitakuwa nimefungua. Kiangazi kile walikwenda mara tano. Mwezi wa tisa alikwenda Anchorage kumwona mjukuu ambaye alikuwa amefikisha miaka tisa bila kumjua, na alikaa kiti cha mbele njia nzima.

Sasa Wendell akiwa na ndege ya kuzungusha duarani humwita yeye. Huja na penseli yake, mkono bila kibangili, na kabla ya kupanda huwataka marubani, hata wale vijana wenye kiburi, watoe kila kitu mifukoni.